Kula si Lazima

Ilikuwa yapata saa nne na nusu usiku, umeme umekatika mtaa mzima, nami nacheza sataranji kwenye simu iliyobaki na chaji kidogo. Nilikuwa na kete nyeusi. Ubao ulikuwa umeshapukutika: mfalme wangu yuko f7 (safu ya f, mstari wa 7), ngome yangu b6. Mpinzani ana mfalme d5, ngome d8, na askari mmoja kwenye e5. Askari huyo mmoja ndiye aliyekuwa tofauti yetu, na nilikuwa nimehangaika naye zaidi ya hatua 20 nikimzuia asipite. Mpinzani akaishusha ngome yake hadi d6, ikatazamana uso kwa uso na yangu, mfalme na askari wake wakiilinda. Nikala. Sidhani kama zilipita sekunde mbili.

Mfalme wake akailipa ngome kwa ngome, akasimama d6. Nikamrudisha wangu e8 ili kuziba njia, naye akasogea e6. Pale pale nikaona mchezo umekwisha. Nikienda d8, yeye anaingia f7. Nikienda f8, yeye anaingia d7. Upande wowote nitakaokimbilia, askari wake anasindikizwa hadi mstari wa 8 na kugeuka malkia. Nikabonyeza kitufe cha kukubali kushindwa huku saa yangu ikionyesha bado nina dakika nne na ushei.

Umeme uliporudi asubuhi niliupitia mchezo ule upya. Sikuhitaji kompyuta kuniambia, ila niliiuliza ili nijiridhishe. Badala ya kula ningeipeleka ngome yangu b5 na kumpiga mfalme wake cheki, yaani kumtishia moja kwa moja. Angelazimika kurudi nyuma mpaka mstari wa 4 kumlinda askari wake, la sivyo namla. Mimi ningemsogeza mfalme wangu akae mbele ya askari huyo, na mchezo ungebaki sare. Mwisho wa namna hii, ngome na askari dhidi ya ngome tupu, ulichambuliwa katika karne ya 18 na Philidor, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa sataranji na pia mtunzi wa opera. Funzo lake kwa anayejilinda ni kwamba ngome ikae kwenye mstari wa 6 kama ukuta hadi askari asogee, kisha ihamie nyuma ianze kupiga cheki. Ngome yangu ilikuwa tayari kwenye mstari wa 6. Mimi mwenyewe ndiye niliyeubomoa ukuta.

Kilichoniuma si kushindwa. Nimeshindwa mara nyingi na nitashindwa tena. Kilichoniuma ni kwamba nilipojaribu kukumbuka nilikuwa nawaza nini wakati nakula ile ngome, sikukuta wazo lolote. Niliona kete inalika, nikala.

Mimi ni mchezaji wa kawaida. Nacheza Lichess, ile tovuti isiyo na malipo wala matangazo, michezo ya dakika 10 kila mtu, jioni nikitoka kazini. Mfumo wao humwanzishia kila mgeni kwenye pointi 1500, kisha michezo yake ndiyo inayomweka mahali pake. Mimi niliporomoka hadi 1200, nikapanda taratibu, na kwa muda wa mwaka mzima nikawa natambaa kati ya 1380 na 1450 kama gari lililokwama mchangani. Nikishinda mitatu napoteza mitatu. Kwa muda mrefu nilijiita mchezaji wa mashambulizi, nikiamini kwamba huo ndio mtindo wangu, kwamba wengine wanapenda mchezo wa utulivu na mimi napenda vurugu. Mchezo wa usiku ule ulinifanya nijiulize kama kweli nina mtindo au nina mazoea niliyoyabeba kutoka mahali pengine.

Mahali penyewe napajua. Ni kijiwe cha fundi baiskeli, Temeke, chini ya mkungu, ambako nilijifunza drafti kabla sijajua kusoma saa. Ubao ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichochorwa miraba 64, kete ni vizibo vya soda, 12 kila upande, vya mmoja vimefunikwa na vya mwenzake vimefunuliwa. Sheria ya kijiwe haikuwa na mjadala: kete ikilika, lazima ule. Huna ruhusa ya kusema hutaki. Ukijifanya hujaiona, waliosimama nyuma yako watapiga kelele mpaka ule.

Na fundi alikuwa hatari kwa sababu ya sheria hiyo hiyo. Alikuwa anakulisha. Anasogeza kizibo kimoja mbele yako, peke yake, hana mlinzi, na wewe huna la kufanya ila kula. Ukila, unatua mahali alipotaka utue. Anakupa cha pili, unakula tena. Halafu yeye anakunja kiwiko, anaokota kizibo chake cha nyuma, na anakula vitatu vyako kwa mkupuo mmoja mpaka anafika kwako na kuwa kingi. Utoto wangu wote ulikuwa wa kulishwa na kuliwa. Nilipofika miaka 14 nilianza na mimi kumlisha yeye, na siku ya kwanza nilipomla vizibo vitatu aliniagizia soda.

Bao nalo, kwa waliolicheza, linajua sheria hiyo. Kwenye bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ukiwa na mtaji, yaani nafasi ya kula, huna hiari: unakula. Kutakata, yaani kucheza bila kula, ni kwa asiye na cha kula. Kwa hiyo michezo miwili inayochezwa vibarazani kwetu, mmoja wa ubongo wa wazee na mwingine wa vijana wa vijiweni, yote inamfundisha mchezaji kwamba kula ni wajibu. Ujuzi uko kwenye kupanga nani atalazimika kula nini, na lini.

Sataranji imetufikia kwa njia nyingine. Jina lenyewe limepitia Uarabuni na Uajemi likitokea India, na lugha yetu imelihifadhi pamoja na neno shaha, yaani mfalme, ambalo watu wa bao wameligeuza kuwa heshima ya bingwa wao. Nimelipenda jambo hilo tangu nilipoligundua: mfalme wa ubao wa sataranji na bingwa wa bao wanaitana jina moja. Lakini katika sataranji kete inaweza kukaa mdomoni mwa adui hatua 10 na asiile. Inaruhusiwa kuiacha. Sheria hiyo niliijua tangu siku ya kwanza, ila vidole vyangu havikuwahi kuijua.

Basi nikanunua daftari la kurasa 96 na kuanza kazi ambayo naona ndiyo bora kuliko zote nilizofanya katika mchezo huu. Nilichukua michezo 40 niliyopoteza, nikaipitia mmoja mmoja bila kompyuta. Botvinnik, bingwa wa dunia wa mwaka 1948, alisisitiza sana kwamba mchezaji achambue michezo yake mwenyewe na achambue kwa ukweli, na nadhani mkazo wake ulikuwa kwenye ukweli. Kwenye kila mchezo nilitafuta hatua moja ambayo mambo yalianza kuharibika. Si hatua ya mwisho pale malkia anapotekwa, kwa sababu hiyo huwa ni matokeo tu. Nilitafuta ile ya kabla, ambayo wakati unaicheza hujui kama umekosea.

Karibu nusu ya hatua hizo zilikuwa za kula.

Sikuwa nimejiandaa kwa jibu la wazi kiasi hicho. Nilitarajia kukuta nasahau kulinda kete, au sijui ufunguzi, au naogopa. Nikakuta nakula.

Nitaeleza moja kwa urefu kwa sababu najua wachezaji wengi wa kiwango changu wanaifanya. Ni ule ufunguzi wa Kiitaliano: askari wangu e4, wake e5, farasi wangu f3, wake c6, askofu wangu c4, wake c5. Namficha mfalme wangu pembeni pamoja na ngome, naye anamtoa farasi wake f6. Ninamrusha farasi wangu g5. Sasa farasi na askofu wote wawili wanalitazama shimo la f7, lile ambalo mwanzoni mwa mchezo halina mlinzi mwingine isipokuwa mfalme. Mpinzani naye anamficha mfalme wake, na ngome yake inafika f8 kulilinda. Mimi nakula f7 kwa farasi, ngome inamla farasi, askofu anaila ngome na kutoa cheki, mfalme anamla askofu. Hesabu ya dukani inasema nimetoa farasi wa thamani ya 3 na askofu wa 3, jumla 6, nimepata ngome ya 5 na askari wa 1, jumla 6. Tumelingana, tena nimemtoa mfalme wake nje. Miaka miwili nimeicheza hivyo kwa moyo mweupe.

Lakini utazame ubao baada ya vumbi kutulia. Kete mbili nilizokuwa nimezitoa nyumbani, zile pekee zilizokuwa zinafanya kazi, hazipo. Ngome niliyoila ilikuwa haijafanya lolote bado. Yeye ana farasi wawili na maaskofu wawili, wote hai, mimi nina kete zilizolala mstari wa nyuma. Mfalme wake f7 anaonekana uchi, ila sina wa kumpiga, na baada ya hatua mbili tatu anarudi g8 na kujifunika. Ngome zinakuja kutamba baadaye, mistari ikishafunguka na kete zikipungua, na huko mbali mimi huwa sifiki. Nilikuwa nauza watu wawili walioko kazini kwa mmoja aliyelala, na nikaita hiyo mashambulizi.

Mfano wa pili ni mfupi. Mtu akijibu e4 yangu kwa e6, yaani Ulinzi wa Kifaransa, naweka d4, anaweka d5, askari wetu wanatazamana. Mimi nakula papo hapo, anakula kwa askari wa e6. Kila anayecheza ulinzi huo anajua kilio chake: askofu wake wa c8 amefungiwa ndani na askari wake mwenyewe wa e6. Kwa kula kwangu nilikuwa namfungulia mlango bure. Hatua ya tatu tu ya mchezo, na nimeshamtatulia mpinzani tatizo lake kubwa. Wapo mabingwa waliocheza hivyo kwa makusudi yao, wakijua wanachotaka baadaye. Mimi sikuwa na kusudi, nilikuwa na mdomo wazi.

Wa tatu ni askofu wangu wa g5, yule anayembana farasi wa f6. Mpinzani anasogeza askari h6 kumfukuza, na badala ya kurudi h4 na kuendelea kumbana, namla farasi, malkia wake anakula na kutokea mahali pazuri. Nilikuta jambo hili kwenye daftari mara nyingi kiasi kwamba mwishoni nilikuwa naandika tu «h6 tena».

Sitaki isomeke kana kwamba kijiwe kiliniharibu. Kilinipa kitu ambacho wenzangu wengi wa pointi 1400 hawana. Pale ambapo ubao unalipuka na kete zinalana mfululizo, naona mbali. Akila hiki nakula kile, akila tena natua pale, naweza kuufuata mnyororo wa hatua tano za kulana bila kupotea, kwa sababu ndicho nilichofanya tangu nikiwa na miaka sita. Nikilinganisha michezo niliyoshinda, mingi nimeshinda hapo: mpinzani ameingia kwenye mzozo akiwa amehesabu hatua mbili, mimi nimehesabu nne. Nguvu hiyo ni ya kweli na sitaki kuitupa. Kasoro ni kwamba naianzisha vita mapema mno, kabla watu wangu hawajafika.

Kuna neno ambalo makocha hulitumia sana, mvutano. Ni ile hali ya askari wawili kutazamana, kila mmoja akiweza kumla mwenzake na hakuna anayekula. Kwa mtu wa drafti hali hiyo haipo kabisa, sheria imeiondoa. Mwili wenyewe unaikataa. Nikiwa na mvutano ubaoni nasikia kama deni ambalo halijalipwa, na kula kunanipa nafuu ya ghafla. Nadhani hilo ndilo nililokuwa nalitafuta, nafuu. Nilikuwa nalipa deni ambalo hakuna aliyenidai.

Ushauri unaotolewa kwa watu wa kiwango changu karibu siku zote ni mmoja: fanya mafumbo. Nilifuata. Lichess ina hazina ya mamilioni ya mafumbo yaliyotokana na michezo halisi, na nilikuwa nafanya 20 kila siku kwenye daladala, nikapanda hadi pointi zaidi ya 1800 upande wa mafumbo huku mchezo wenyewe ukibaki pale pale. Sasa nafikiri najua sababu, ingawa najua wengi hawatakubaliana nami. Fumbo linakuambia tayari kwamba kuna kitu. Linakuweka mbele ya ubao na kusema, hapa pana ushindi, utafute. Na mara nyingi ushindi huo unaanza kwa kula au kwa cheki. Kwa mtu anayekula kidogo mno, hiyo ni dawa. Kwa mtu kama mimi ni kumwongezea mlevi pombe. Katika mchezo halisi hakuna anayekugusa bega kukuambia kwamba sasa ndiyo wakati. Mara nyingi hakuna cha kula kinachofaa, na hatua bora ni kumsogeza ngome nyumba moja kushoto.

Mwanasaikolojia wa Kiholanzi Adriaan de Groot, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, aliwakalisha wachezaji wa viwango mbalimbali mbele ya ubao na kuwaomba wafikiri kwa sauti. Kazi yake, iliyotoka mwaka 1946, ilionyesha jambo lililowashangaza wengi: mabingwa wakubwa hawakuwa wakihesabu hatua nyingi mno kuliko wachezaji wazuri wa chini yao. Tofauti ilikuwa kwamba hatua nzuri iliwajia mapema, karibu na mwanzo wa kutazama. Jicho lao lilikwenda panapostahili. Niliposoma hayo nilimfikiria fundi, anavyoutupia ubao wa drafti jicho moja na tayari amejua kizibo gani kitakufa. Kisha nikajifikiria mimi mbele ya sataranji. Jicho langu nalo lina mahali linapokwenda kwanza, na mahali hapo ni kwenye kinacholika. Kabla sijawaza lolote, jicho limeshachagua. Kama nitaendelea, basi kitakachobadilika ni mahali jicho linapotua.

Hilo halibadiliki kwa kuambiwa. Nimejaribu njia kadhaa, nyingine hazikufaa kitu.

Kwanza nilijiwekea amri ya kutokula kabisa kabla ya hatua ya 10. Nilidumu nayo wiki moja. Mpinzani mmoja aliacha farasi wake bure kabisa, bila mtego, nikamtazama dakika nzima nikitafuta hila ambayo haikuwepo, nikamwacha. Nilipoteza mchezo ule na nilistahili. Amri haina macho. Nikaiacha.

Kilichosaidia kwanza ni saa. Nilihamia michezo ya dakika 15 yenye nyongeza ya sekunde 10 kila hatua. Nilidhani muda mwingi ungenifanya nifikiri zaidi moja kwa moja, na haikuwa hivyo. Mwezi wa kwanza nilikuwa naimaliza michezo nikiwa na dakika 11 mkononi, hatua za kula zikiendelea kutoka kwa sekunde mbili zilezile. Lakini sasa ushahidi ulikuwa mbele yangu. Baada ya kila mchezo Lichess inaonyesha mchoro wa muda uliotumika kwa kila hatua, na hatua zangu za kula zilikuwa vijiti vifupi kuliko vyote. Nilikuwa natafakari dakika nzima juu ya kumsogeza askari mmoja pembeni, kisha nabadilishana malkia, jambo lisilorudi nyuma kamwe, kwa muda wa kupepesa jicho. Hapo nikajiwekea jambo dogo: hatua yoyote ya kula isipungue sekunde 20. Sikujikataza kula. Nilikaa nayo tu.

Katika sekunde hizo 20 najiuliza swali moja ambalo nimelitengeneza kwa maneno ya kijiweni: nisipokula, kuna ubaya gani? Wakati mwingine jibu ni kwamba ubaya upo, ataila yangu, basi nakula bila wasiwasi. Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna ubaya wowote, kete itakuwepo hatua ijayo na ile inayofuata, na wakati huo naweza kumtoa farasi wangu wa b1 ambaye hajasogea tangu mchezo uanze.

Cha pili kilichosaidia ni miisho ya michezo. Nilianza na mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme peke yake, ubao mtupu kiasi kwamba hakuna cha kula. Huko unajifunza kungoja. Mfalme mweupe e4, askari wake e3, mfalme mweusi e6: ikiwa zamu ni ya mweupe, ni sare, ikiwa zamu ni ya mweusi, mweupe anashinda. Kete zilezile, mahali palepale. Anayelazimika kusogea ndiye anayeumia. Nililirudia umbo hilo moja jioni tatu mfululizo dhidi ya kompyuta mpaka nikalielewa mwilini. Wafalme wawili wanatazamana, hakuna anayeweza kumgusa mwenzake, na nguvu yote iko kwenye kutosogea. Ningelijua hilo mapema, ile ngome ya d6 nisingeila, kwa sababu ningeuona mfalme wake e6 kabla hajafika.

Kuhusu pointi, niseme kidogo. Hesabu zinazotumika leo zinatokana na kazi ya Arpad Elo, profesa wa fizikia huko Marekani, ambazo shirikisho la dunia, FIDE, lilianza kuzitumia mwaka 1970. Lichess wanatumia mfumo wa baadaye zaidi, lakini wazo ni lile lile: pointi ni makadirio ya matokeo. Kwa hesabu ya Elo, anayekuzidi pointi 200 anatarajiwa kuvuna kama 76 katika kila 100 zinazogombewa. Maana yake ni kwamba nilipokuwa 1400, hata kwa mtu wa 1600 aliyenizidi wazi nilikuwa na robo yangu. Kulijua hilo kumenitoa woga niliokuwa nao wa kukutana na namba kubwa, woga ambao nao ulikuwa unanifanya nile haraka ili ubao upungue na mambo yaishe. Sasa niko 1520 na kitu. Nimepita ukuta wa mwaka mzima. Bado nashindwa kwa mambo mengine, hasa pale mpinzani anapobana nafasi na mimi sina mpango, na bado h6 inanikuta nikimla yule farasi siku nikiwa nimechoka.

Jumamosi mbili zilizopita nilipita kwa fundi. Mkungu umekatwa, kuna kibanda cha bati sasa, lakini plaiwudi ipo. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho, alikuwa anaingiza tyubu ndani ya tairi. Nikakaa kwenye benchi, nikafungua mchezo kwenye simu wakati nasubiri wateja wapungue. Ufunguzi wa Kiitaliano tena, safari hii bila kumrusha farasi g5. Niliweka c3, d3, nikamficha mfalme, baadaye nikasukuma d4. Askari wangu wa d4 na wake wa e5 wakatazamana. Ningeweza kula. Nikaleta ngome e1. Ningeweza kula tena. Nikasogeza h3, nikamtoa farasi wa b1 kwenda d2.

Fundi alikuwa ameshakuja nyuma yangu, mikono imejaa grisi, anachungulia.

«Mbona huli?»

«Si lazima, mzee.»

«Si lazima?» Akasogea karibu zaidi. «Kete hiyo hapo, mwanangu. Imekaa. Kula.»

Nikamsogeza farasi wa d2 kwenda f1. Mpinzani akafikiri, saa yake ikashuka sekunde 40, 50, kisha akashindwa kuvumilia, akala d4. Nikalipa kwa askari wa c3, na askari wangu wawili wakasimama d4 na e4, bega kwa bega katikati ya ubao, bila adui mbele yao.

Fundi alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani ameondoka. Kisha nikasikia kigoda kinaburutwa juu ya saruji, naye akakaa pembeni yangu akijifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

«Huyo mwenye kichwa cha farasi,» akasema, «anatembeaje?»